Medali Haitaji Jina: Kuwatambua Watunukiwa wa Nishani za Ujerumani ya Kaisari

Msalaba wa Chuma wa mwaka 1914 una taji juu, herufi W katikati na mwaka chini. Upande wa pili una majani ya mwaloni, herufi za mfalme aliyeuanzisha, na mwaka 1813. Jina la askari aliyeuvaa halimo. Medali nyingi za Uingereza za vita hivyohivyo zilipigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, hata mjukuu wa askari wa King's African Rifles anaweza kuanza utafiti kwa kuigeuza tu medali ya babu yake. Ujerumani ya Kaisari haikuwa na desturi hiyo. Medali zake zilitoka viwandani zikiwa zimefanana, na kilichomfunga mtu na medali yake kilikuwa maandishi yaliyowekwa mahali pengine: cheti, daftari la askari, orodha ya kikosi au tangazo la gazetini. Maandishi yakipotea, medali hubaki na habari za dola iliyoitoa tu, na habari za mtu aliyeipokea huondoka. Hoja ya makala haya ni kwamba kuwatambua watunukiwa wa nishani za Ujerumani ni kazi ya kusahihisha kitu kwa karatasi na karatasi kwa kitu, na kwamba kazi hiyo haiwezi kusemwa imekamilika maadamu watu walioandikwa kidogo kuliko wote, yaani askari wa Kiafrika, wanaachwa nje ya hesabu.

Kosa la kwanza hutokea kabla mtafiti hajafungua kitabu hata kimoja, nalo ni kudhani kwamba nishani hizo zilitoka kwa mamlaka moja. Dola iliyoundwa mwaka 1871 na kuanguka mwaka 1918 ilikuwa muungano wa nchi 25: falme 4, nchi 18 za watawala wa ngazi zilizo chini ya mfalme, na miji huru 3. Kila mtawala alibaki na haki ya kutunuku kwa jina lake. Kaisari Wilhelm wa Pili alipotoa Nishani ya Tai Mweusi iliyoanzishwa mwaka 1701, au Pour le Mérite ya mwaka 1740, au Nishani ya Taji ya mwaka 1861, alizitoa kama mfalme wa Prusia. Bavaria ilikuwa na Nishani ya Kijeshi ya Max Joseph tangu mwaka 1806, Saksonia na Nishani ya Mtakatifu Heinrich tangu mwaka 1736, Baden na Nishani ya Karl Friedrich tangu mwaka 1807. Hata Hamburg, Bremen na Lübeck, miji isiyokuwa na mfalme, ilianzisha Msalaba wa Kihansa mwaka 1915, kila mji na wake. Heshima zilizotolewa kwa jina la Dola nzima zilikuwa chache, na miongoni mwa hizo chache zimo medali za vita vya ng'ambo: ile ya China ya mwaka 1901, ile ya Afrika Kusini Magharibi ya mwaka 1907, na Kolonial-Denkmünze ya tarehe 13 Juni 1912, iliyokusanya mapigano mengine ya makoloni. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anayedhani kwamba habari hizi ni za kasri za Ulaya peke yake afikiri tena, kwani koloni lilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo Dola ilitunuku ikiwa Dola.

Mgawanyo huo ndio unaomwonyesha mtafiti aanzie wapi. Nishani ya Bavaria humpeleka München, ya Saksonia Dresden, ya Württemberg Stuttgart, ya Baden Karlsruhe. Baada ya hapo kitu chenyewe huanza kueleza mengi kwa anayejua kukisoma. Utepe mweusi wenye mistari myeupe kwenye Msalaba wa Chuma daraja la pili ulikuwa wa mpiganaji. Utepe mweupe wenye mistari myeusi ulikuwa wa aliyestahili bila kupigana. Medali ya Afrika Kusini Magharibi ilikuwa ya shaba nyeusi kwa wapiganaji na ya chuma kwa wasiopigana. Panga mbili zilizopishana kwenye Nishani ya Tai Mwekundu humaanisha kwamba heshima ilipatikana mbele ya adui. Panga hizo zikiwekwa juu, kwenye pete, humaanisha kwamba mwenyewe alipata panga katika daraja la chini na baadaye akapandishwa daraja wakati wa amani. Misalaba ya utumishi hueleza miaka ya kazi. Vibao vidogo vilivyovishwa kwenye utepe wa Kolonial-Denkmünze hutaja koloni na miaka ya mapigano, kama kile cha Afrika Mashariki ya Kijerumani cha 1905/07, ambacho ni kibao cha Vita vya Majimaji.

Medali zikiwa zimeshonwa pamoja katika safu moja, kama zilivyovaliwa kifuani, ushahidi huongezeka nguvu. Mpangilio ulikuwa na kanuni: Msalaba wa Chuma ulitangulizwa mara nyingi, nishani za nchi ya mwenyewe zikapewa heshima ya mbele, zikafuata za nchi nyingine za Ujerumani, na mwisho za kigeni. Safu yenye Msalaba wa Chuma, Tai Mwekundu daraja la nne lenye panga, msalaba wa utumishi wa maofisa wa Prusia, Kolonial-Denkmünze yenye kibao cha Afrika Mashariki, na mwishoni Nishani ya Nyota Angavu ya Zanzibar, tayari ni muhtasari wa maisha ya mtu. Ni ofisa wa Prusia aliyetumikia muda mrefu, akapigana katika koloni hili, akapata kibali cha sultani wa Zanzibar, kisha akaishi hadi Vita Kuu ya Kwanza. Nishani ya Zanzibar ndiyo yenye uzito hapo kuliko zote, ijapokuwa kwa cheo imewekwa nyuma ya zote. Msalaba wa Chuma daraja la pili ulitolewa zaidi ya mara milioni 5 katika vita vya 1914 hadi 1918, na daraja la kwanza zaidi ya mara laki 2. Maofisa waliokuwa na nyota ya Zanzibar pamoja na vingine vyote vilivyotajwa walikuwa wachache, na idadi ya majina yanayowezekana hushuka kutoka mamilioni hadi machache yanayoweza kuchunguzwa moja baada ya jingine. Kanuni ya kazi hii ni hiyo: nishani ya kawaida huthibitisha kipindi, nishani adimu huthibitisha mtu, na mchanganyiko wa zote mbili huzidi ushahidi wa kila moja.

Wakusanyaji wenye uzoefu hupinga hapa. Husema kwamba jicho lililozoea linatosha, kwamba anayejua uzito wa fedha, rangi ya enameli na alama za watengenezaji wa Berlin kama Godet na Wagner hahitaji karatasi. Ujuzi huo ni wa thamani, na hakuna utafiti mzuri unaoweza kuudharau. Unaweza kusema kwa uhakika kwamba kitu fulani kilitengenezwa wakati unaodaiwa. Mathalani, misalaba ya Pour le Mérite iliyotolewa na serikali ilikuwa ya dhahabu hadi mwishoni mwa mwaka 1916, kisha ikawa ya fedha iliyopakwa dhahabu. Msalaba wa dhahabu unaodaiwa kutolewa na serikali mwaka 1918 unahitaji maelezo. Lakini jicho haliwezi kuvuka kutoka kwenye umri wa kitu hadi kwenye jina la mtu. Nishani nyingi za Prusia zilitakiwa kurudishwa Berlin mwenyewe akifa au akipanda daraja, na wenye uwezo walijinunulia nakala dukani kwa matumizi ya kila siku. Misalaba ya Chuma iliendelea kutengenezwa na kuuzwa miaka mingi baada ya vita. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa halali kabisa kwa umri na kwa mtengenezaji, na bado kisiwe kile alichokabidhiwa mtu anayetajwa. Zaidi ya hayo, safu ya medali inaweza kuunganishwa leo kutoka vipande halali vya watu watano tofauti, ikapewa jina la ofisa mashuhuri, ikauzwa kwa bei ya jina hilo. Bei inapotegemea jina, ushahidi wa jina unapaswa kuwa mzito kuliko ushahidi wa chuma.

Ushahidi huo, kwa upande wa maofisa, ni mwingi kuliko watu wengi wanavyofikiri. Prusia ilichapisha kila mwaka Rangliste, orodha ya maofisa wa jeshi lake, ambamo kila jina hufuatwa na vifupisho vya nishani za mwenyewe. Mtafiti mwenye safu ya medali mkononi anaweza kufungua toleo la Mei 1914, akatafuta mchanganyiko uleule, akarudi nyuma mwaka kwa mwaka kuona kila nishani ilipoingia. Kila nchi ya Ujerumani ilichapisha kitabu cha ikulu na serikali chenye orodha za watunukiwa wake. Gazeti la kijeshi la Militär-Wochenblatt lilitangaza tuzo, na Deutsches Kolonialblatt, lililoanza mwaka 1890, lilitoa habari za utumishi za makoloni. Kwa askari wa kawaida kulikuwa na Militärpass, kijitabu chenye ukurasa wa nishani na alama za heshima, na orodha ndefu za majeruhi na waliofariki zilizotolewa wakati wa vita, ambazo wajitoleaji wa chama cha nasaba cha Ujerumani wameziingiza kwenye kompyuta ili zitafutwe kwa jina. Heshima nyingine zilibadilisha hata jina. Mbavaria aliyepewa Nishani ya Max Joseph alipewa ukabaila wa maisha yake mwenyewe tu, na ndiyo sababu Wilhelm Leeb wa kumbukumbu za kabla ya vita anakuwa Wilhelm Ritter von Leeb katika zile za baadaye. Katika koloni letu la zamani, Tom Prince alipandishwa kuwa Tom von Prince mwaka 1907. Anayetafuta jina moja tu hupata nusu ya mtu.

Pingamizi kubwa zaidi ni la moto. Tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza zilishambulia Potsdam, na ghala la nyaraka za jeshi la Prusia likaungua. Mafaili ya watumishi wa jeshi kubwa kuliko yote ya Ujerumani yakateketea kwa sehemu kubwa, pamoja na orodha ambazo zingetuambia kwa hakika nani alipata Msalaba wa Chuma, lini na kwa sababu gani. Wapo wanaohitimisha kwamba baada ya usiku ule kazi ya utambuzi imebaki kubahatisha. Hitimisho hilo linapuuza muundo wa Dola ulioelezwa juu. Kwa kuwa Ujerumani ilikuwa nchi nyingi, moto wa Potsdam haukugusa kumbukumbu zilizokuwa München, Dresden, Stuttgart na Karlsruhe. Nyaraka za jeshi la majini zilinusurika na leo ziko Freiburg. Za ofisi ya makoloni ziko Berlin. Vitabu vilivyochapishwa vilisambazwa maktabani kote, na moto wa jengo moja haukuweza kuviua. Kilichobadilika ni kiwango cha uhakika, na mtafiti mwaminifu hukitaja: kwa Mbavaria anaweza kusema imethibitishwa, kwa Mprusia ambaye hakuwa ofisa, mara nyingi atasema inaelekea. Kuandika neno hilo la pili pale linapostahili ni sehemu ya kazi, na anayeliruka ili kupamba simulizi au kupandisha bei anaharibu kumbukumbu ya pamoja.

Hata hivyo, moto hauelezi pengo lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1914, vita vilipoanza, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa na Wajerumani wasiozidi 300 na askari wa Kiafrika karibu 2,500. Wale 300 wanaweza kutafutwa kwa jina, mahali pa kuzaliwa, tarehe ya cheo na nishani. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, alipata Pour le Mérite mwezi Novemba 1916 na nyongeza yake ya majani ya mwaloni mwezi Oktoba 1917, na kila mwanafunzi wa historia ya vita anaweza kuzitaja tarehe hizo ingawa kamanda huyo alikuwa porini, amekatiwa mawasiliano ya kawaida na nchi yake. Wale 2,500, na maelfu walioandikishwa baada yao, hawakuingizwa kwenye Rangliste, kwa kuwa kilikuwa kitabu cha maofisa wa Kijerumani. Askari walitunukiwa pia. Walipewa Krieger-Verdienstmedaille, medali ya Prusia iliyotolewa kwa askari wasiokuwa Wajerumani, na picha za wakati huo zinawaonyesha Waafrika wenye vyeo vya shaushi na efendi wakiwa na medali kifuani. Chini ya picha nyingi kati ya hizo ofisa wa Kijerumani anatajwa kwa jina kamili, naye Mwafrika aliyesimama kando yake anaandikwa askari tu. Pengo hilo liliwekwa siku ileile picha ilipopigwa, miaka mingi kabla ya bomu lolote.

Kisa cha Bayume Mohamed Husen kinaonyesha kwa nini kitu peke yake na karatasi peke yake vyote hupotosha. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani wa jeshi la Wajerumani, na aliingia jeshini akiwa bado mtoto Vita Kuu ilipoanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai lake likakataliwa. Alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Julai 1934 serikali ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa watu wote waliopigana katika Vita Kuu, ukatolewa kwa mamilioni. Husen aliuomba, na ofisi za serikali zikamkatalia kwa sababu alikuwa Mwafrika. Akaununua dukani, akauvaa, akapigwa picha nao. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mtaalamu wa medali anayetazama picha ataandika kwamba huyu alitunukiwa. Mtaalamu wa nyaraka anayesoma barua ya kukataliwa anaweza kuandika kwamba huyu hakustahili. Ukweli ni kwamba alistahili, akanyimwa, akajipa mwenyewe haki aliyonyimwa. Ukweli huo ulijulikana kwa sababu mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst aliunganisha picha, barua na maisha yote ya mtu huyo, na tangu mwaka 2007 jina la Husen liko kwenye bamba dogo la shaba njiani mjini Berlin, mbele ya nyumba alimokuwa akiishi.

Pingamizi la maadili nalo lazima lijibiwe, kwa sababu ni zito. Kwa nini watu wa nchi zilizotawaliwa wajishughulishe na mapambo ya waliowatawala? Je, kuyatafiti si kuyatukuza tena? Jibu linategemea swali ambalo medali inaulizwa. Anayeuliza jinsi mtunukiwa alivyokuwa shujaa atarudishiwa sifa zilezile zilizoandikwa na serikali iliyomtunuku. Anayeuliza serikali ilimlipa mtu huyu kwa tendo gani, hupata ushahidi ambao serikali yenyewe haikukusudia kuutoa. Gavana Friedrich von Schele alipewa Pour le Mérite mwaka 1894 kwa kuteka Kalenga, ngome ya Mkwawa karibu na Iringa. Kwa Wahehe tukio hilo ni kuanguka kwa mji wao na mwanzo wa miaka ya msituni iliyoishia kwenye kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Lothar von Trotha, aliyewahi kuliongoza jeshi la kikoloni hapa Afrika Mashariki kabla ya kupelekwa Afrika Kusini Magharibi, alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero tarehe 2 Oktoba 1904, na mwaka uliofuata akapewa Pour le Mérite. Tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja, hakuna anayeweza kudai kwamba Berlin haikujua inamheshimu nani. Kibao cha 1905/07 nacho kinaheshimu vita ambamo Wajerumani wenyewe walikadiria vifo vya Waafrika 75,000, na wanahistoria wengine wakakadiria hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Orodha ya waliovaa kibao hicho ni orodha ya mashahidi na washiriki, nasi tunaihitaji. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea tarehe 1 Novemba 2023. Msamaha unaotaja mahali na mwaka hukamilika zaidi kitendo kikijulikana kilifanywa na nani, kwa amri ya nani, na kililipwa kwa heshima gani.

Uchunguzi huohuo hautuachi sisi wenyewe bila maswali, na hapo ndipo ugumu wake unapozidi. Askari aliyepewa medali kwa vita vya Majimaji alikuwa Mwafrika aliyewapiga Waafrika. Wengine walikuwa Wasudani walioletwa na Hermann von Wissmann kutoka Cairo mwaka 1889, wengine walitoka kusini ya mto Ruvuma, na wengine wengi waliandikishwa humuhumu nchini. Kitabu cha mwanahistoria Michelle Moyd cha mwaka 2014 kimeonyesha kwamba hawakuwa vibaraka wasio na akili wala mashujaa waaminifu wa hadithi za Lettow-Vorbeck; walikuwa watu waliotafuta mali, heshima na kaya kubwa kwa njia iliyokuwa ya jeuri. Kuwataja kwa majina hakuwasafishi. Kunawatoa kwenye kundi lisilo na uso, kunawafanya watu wanaoweza kulaumiwa kwa walichofanya na kutendewa haki kwa walichodhulumiwa. Kumwacha mtu bila jina ni kuendelea kutumia daftari la mkoloni kama alivyoliacha.

Wako watakaosema kwamba nia ni nzuri lakini jambo haliwezekani: majina ya askari yaliandikwa ovyo, mara nyingi jina moja tu, na akina Juma na Farajala walikuwa wengi. Ugumu huo upo, lakini njia iliyotumika kwa maofisa inaweza kutumika kwa askari, kwa kubadilisha vyanzo. Jina moja halitambulishi mtu. Jina pamoja na cheo, namba ya kampuni, kituo na mwaka huelekea sana kumtambulisha. Vyeo vilikuwa na ngazi zinazojulikana, kuanzia askari na ombasha hadi shaushi, betshaushi, soli na efendi, na maefendi walikuwa wachache mno. Kampuni zilikuwa na vituo vyake: mwaka 1914 ya 1 ilikuwa Arusha, ya 2 Iringa, ya 3 Lindi, ya 12 Mahenge. Nyaraka za Kijerumani zilizoko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina uzito kiasi kwamba UNESCO iliziingiza kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, kama Kiongozi la Tanga, yalipokea habari kutoka vituoni. Wenyeji nao waliwapa Wajerumani majina yao, na anayejua kwamba Bwana Sakarani ndiye Tom von Prince anaweza kuunganisha simulizi ya kijijini na ukurasa wa Rangliste, akajua ni kikosi gani, mwaka gani, na askari gani walikuwa chini yake. Mtafiti wa Ulaya asiyejua Kiswahili hawezi kufanya muunganiko huo vizuri. Mtafiti wa hapa asiyesoma Kijerumani cha mwandiko wa zamani hawezi kuufanya peke yake. Kazi hii inawahitaji wote wawili wakae mbele ya faili moja.

Kutokana na hayo, uamuzi wa kimbinu unaweza kusemwa kwa ufupi. Utambuzi wowote wa mtunukiwa wa Ujerumani ya Kaisari ueleze hatua tatu: kitu ni cha nchi gani na wakati gani, maandishi gani yanakifunga kwa jina, na uhakika umefikia kiwango gani. Utambuzi usiokuwa na hatua ya pili ni makisio, hata ukitolewa na bingwa. Na orodha yoyote ya watunukiwa wa vita vya Afrika Mashariki inayowataja maofisa peke yao iitwe kwa jina lake halisi, orodha ya maofisa, isijifanye kuwa orodha ya jeshi. Mpangilio huu hautadhoofisha elimu ya wakusanyaji. Utaipa msingi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

Zipo kazi ambazo hazisubiri fedha za mradi mkubwa. Idara za historia za vyuo vyetu zifundishe kusoma mwandiko wa Kijerumani wa karne ya 19, kwa sababu bila huo nyaraka zilizo Dar es Salaam zitabaki kuwa mali yetu tusiyoweza kuitumia. Makumbusho ya Ujerumani yanapoweka picha za koloni mtandaoni yaombwe rasmi kuongeza nafasi ya jina la kila mtu anayeonekana, na yapokee majina yanayoletwa kutoka huku. Na familia iliyo na medali ya babu, barua yake, daftari lake la malipo au picha yake, isivitenganishe wala kuviuza kimoja kimoja. Vipigwe picha pande zote mbili, na wazee wakiwa bado hai liandikwe jina kamili la babu huyo, ukoo wake, kituo chake na kamanda aliyekuwa akimkumbuka. Medali iliyotenganishwa na maandishi yake hubaki kuwa kipande cha chuma cha Kaisari. Iliyohifadhiwa pamoja nayo ni ushahidi wa mtu wetu, kwa mema yake na kwa mabaya yake.